Mwito wa Tatu

Ilikuwa Jumanne, tarehe nane Aprili mwaka 2008, saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano jioni. Saa hiyo haikukisiwa. Adhana ya magharibi ilikuwa imemalizika muda huo huo, na kinyozi wa nyumba ya mbele, ambaye hufunga kazi kwa kuifuata adhana hiyo ingawa yeye ni Mkristo, alikuwa amezima mashine yake. Katika utulivu ule mfupi wa Kawangware, Syombua, aliyekuwa ameinama akiwasha jiko la makaa chumbani mwake, alisikia harufu ya mandazi yanayokaangwa.

Jambo hilo lilikuwa dogo, lakini halikuwa sawa. Mandazi hukaangwa alfajiri. Jioni ploti nzima, chumba kwa chumba, hunuka sukuma wiki na vitunguu. Isitoshe, harufu ile ilikuwa na ganda la chungwa ndani yake. Syombua alimjua mtu mmoja tu aliyekwangulia ganda la chungwa katika unga wa mandazi, na mtu huyo alikuwa kaburini.

Kisha mabati ya mlango yakagongwa kwa kitu chembamba cha mti, polepole.

"Mama Kamene," sauti ikasema. "Nifungulie."

Halafu tena, kwa karibu zaidi: "Mama Kamene, nifungulie."

Syombua alingoja wito wa tatu akiwa amepiga magoti, kiberiti mkononi. Haukuja. Kamene, bintiye wa miaka sita, aliinua kichwa kutoka kwenye kitabu cha shule na kutabasamu.

"Ni Anti Rosebella," alisema mtoto. "Si umfungulie?"

Rosebella alikuwa jirani yao huko Kambi Muru, Kibera, ambako Syombua aliishi tangu alipofiwa na mumewe. Vyumba vyao vilitazamana, vikitenganishwa na kichochoro ambacho watu wawili hawakuweza kupitana bila mmoja kugeuka ubavu. Rosebella aliuza mandazi. Syombua aliwafulia nguo wenye nyumba za Riruta Satellite. Walisaidiana kumlea Kamene na kugawana maji. Walitaniana pia, hasa juu ya kanuni moja ambayo Syombua aliitoa kwa nyanya yake huko Kitui. Giza likianza kuingia, nyanya alimfundisha, usiiitikie sauti ya nje mpaka ikuite mara tatu, kwa maana kitu kisicho na damu huweza kukuita mara moja, huweza kukuita mara mbili, lakini ya tatu hakiwezi. Rosebella aliicheka kanuni hiyo na kuifuata. Kila jioni alipoleta mandazi yaliyobaki, aligonga kwa kile kijiti chake cha kugeuzia, akaita mara mbili, akanyamaza makusudi, kisha akaita ya tatu kwa kelele akiongeza kwamba yeye si jini, ni Mbukusu, na afunguliwe kabla mandazi hayajapoa.

Jumapili ile ya mwisho wa Desemba 2007, matokeo ya kura yalipotangazwa, jua lilikuwa bado halijazama. Wakati lilipozama, nyumba zilikuwa zinaungua. Mumewe Rosebella, Ng'ang'a, fundi wa viatu, alitafutwa kwa sababu ya jina lake la Kikuyu. Alikuwa ametoroka mchana kupitia reli. Waliomkosa walimgeukia mkewe. Syombua alikuwa amejifungia ndani pamoja na Kamene, kiganja kikiwa juu ya kinywa cha mtoto, aliposikia kijiti kikigonga mabati.

Rosebella aliita mara moja. Aliita mara ya pili.

Syombua aliitambua sauti ile kama anavyoutambua mkono wake mwenyewe. Hakuwa na shaka hata kidogo kwamba aliyeita alikuwa na damu. Hata hivyo alijiambia kwamba angoje wito wa tatu, na akajificha nyuma ya kanuni ya nyanya yake kama vile alivyojificha nyuma ya mlango. Wito wa tatu haukuja. Asubuhi walimkuta Rosebella mwishoni mwa kichochoro, kando ya mtaro.

Syombua hakumweleza mtu. Mwezi Januari alihamia Kawangware na godoro, sufuria na mtoto, akidhani kwamba ameacha nyuma kilichokuwa nyuma.

Baada ya jioni ile ya Aprili, sauti iliendelea kuja, si kila siku, lakini daima katika ule muda mfupi adhana inapokwisha na taa hazijawashwa. Iliita mara mbili, ikaondoka. Majirani hawakusikia kitu, ingawa mmoja alilalamika kwamba kuna mtu anayekaanga mandazi na hawauzii wenzake. Kilichomtisha Syombua zaidi kilikuwa binti yake. Kamene hakuogopa. Alianza kukaa karibu na mlango jioni zilipofika, akiwa amekumbatia magoti, akingoja kama mtoto anayengoja mgeni mwenye zawadi.

Ndipo Syombua alipokwenda Kibera kumwona Batul, mjane wa Kinubi aliyekuwa mwenye nyumba wao wa zamani, ambaye watu wa dini zote walimwendea kimyakimya kwa mambo ya namna hiyo. Alimweleza kila kitu, pamoja na lile la kanuni. Batul hakumlaumu wala hakumfariji. Alikuja Kawangware na chetezo chake, akafukiza ubani, akakaa kitandani akiwa amefumba macho mpaka sauti ilipokuja na kuondoka.

"Huyo si Rosebella," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Rosebella ako kwa Mungu, hana haja na mlango wako. Hiki ni kitu kilikuwa kimesimama kwa kichochoro siku ile. Kilisikiza akiita, kikashika sauti."

Syombua aliuliza kwa nini basi kinaita mara mbili tu.

"Juu yeye aliita mara mbili tu. Hiyo ya tatu hakijawahi kusikia, na bila hiyo hakuna mtu wa nyumba hii atakifungulia. Mama Kamene, usikifundishe."

Batul alisema pia kwamba kitu hicho hakimtaki Syombua. Mtu mzima aliyejaa majuto hana nafasi ya mgeni. Kinamtaka mtoto, ambaye moyo wake bado uko wazi.

Huenda mambo yangeishia hapo kama si kikundi cha akina mama wa kanisa. Mwezi Oktoba, mshauri wa kikundi aliwaambia kwamba uchungu ukisemwa mbele ya watu hupungua nguvu. Syombua, kwa mara ya kwanza hadharani, akasimama akasimulia habari za mlango. Siku hiyo alikuwepo pia Geoffrey, kijana wa Kawangware aliyekuwa akikusanya visa kwa ajili ya filamu ya kuhimiza amani. Alimwomba ruhusa aigize habari hiyo, mahali penyewe ilipotokea. Syombua alikubali kwa sharti moja: anayeigiza Rosebella aite mara mbili tu. Hakueleza sababu. Angewezaje kulitaja jini mbele ya wanawake wa kanisa waliokwisha kumwombea? Geoffrey aliahidi upesi, kama watu waahidivyo jambo wasiloliona kuwa zito.

Walikusanyika Kambi Muru Jumamosi, tarehe kumi na tano Novemba, alasiri. Batul aliwafungulia chumba kile kile na kurudi uani kwake, kwani Syombua alikuwa amemhakikishia kwamba wito wa tatu hautatajwa. Sehemu ya Rosebella ilipewa Ruweida, mjukuu wa Batul mwenyewe, msichana mchangamfu mwenye sauti nyembamba. Syombua aliombwa akae ndani, nyuma ya kamera, ili amwonyeshe mwigizaji aliyemwigiza yeye jinsi alivyomshika mtoto.

Ruweida aligonga. Akaita. Akaita tena. Syombua alifumba macho. Kwa mara ya kwanza katika mwaka ule mzima alihisi kifua chake kikilegea, kana kwamba fundo lililokazwa jioni ile lilikuwa limepata mtu wa kulifungua.

Kisha, kutoka nje, kwa kilio kirefu ambacho kiliwafanya hata wabeba taa wageuke: "Mama Kamene, nifungulie!"

Syombua alisimama. Geoffrey alimwinulia kiganja mpaka kamera ilipozimwa, halafu akamfuata akitabasamu kwa haya.

"Pole, mathe," alisema. "Lakini mara mbili ilikuwa inakaa kama imekatika. Watu wangengoja ya tatu."

Ruweida alichungulia akauliza kama ameweza. Chumba kilikuwa kimejaa harufu ya ganda la chungwa, na mabati ya upande wa pili wa kichochoro, mahali pasipokuwa na mtu, yalilia kidogo, kama yaliavyo mtu anapoondoa mgongo wake baada ya kuyaegemea kwa muda mrefu. Batul alikuja mbio kutoka uani, kitambaa kikimwanguka kichwani. Alimtazama mjukuu wake, akamtazama Syombua, akaketi kizingitini.

"Mmekifundisha," alisema.

Syombua alikimbia. Alimkuta Kamene kwa jirani, akamwingiza ndani, akakaza komeo. Adhana ikaanza, ikaisha.

Kijiti kikagonga mabati, na sauti nzito ya Rosebella, ile ile yenye mkwaruzo wa moshi wa asubuhi nyingi, ikasema Mama Kamene, nifungulie, ikanyamaza, ikasema tena Mama Kamene, nifungulie, na Syombua akajikuta mlangoni bila kujua alivyofika, mkono ukiwa juu ya komeo, kwa maana mwaka mzima alikuwa amesali kwamba wito wa tatu uje ili afungue, amwone mwenzake japo kwa dakika moja, amshike magoti amwombe msamaha, na hata kama nyuma ya mlango hapakuwa na Rosebella bali kitu kingine, sehemu fulani ya nafsi yake iliona kwamba ingekuwa haki kukifungulia, na komeo lilikuwa tayari limesogea, na Kamene alikuwa tayari amesimama ameinua mikono, wito wa tatu ulipokuja.

Ulikuja kwa sauti nyembamba ya Ruweida.

Syombua alilirudisha komeo. Alimvuta mtoto, akaketi naye kitandani, akalia, si kwa hofu peke yake. Alilia kwa sababu alielewa wakati ule kwamba Rosebella hangeita mara ya tatu kamwe, na kwamba hakuna mlango ambao ungeweza kufunguliwa sasa ukawa ndio ule.

Nje, kitu kile kiliondoka polepole, kama mwanafunzi aliyeambiwa amekosea.

Jioni zilizofuata kilijaribu tena. Batul alikuja kufukiza na kusoma hadi sauti yake ikakauka. Jioni ya mwisho kabla Batul hajaenda zake, Kamene alikuwa akichezea kifuniko cha chupa sakafuni, na mama yake alikuwa nyuma ya pazia akibadilisha nguo, wakati sauti ilipoita mlangoni mara tatu mfululizo: "Kamene, nifungulie. Kamene, nifungulie. Kamene, nifungulie." Miito yote mitatu ilikuwa kwa sauti ya Syombua. Mtoto aliinuka kwa utii, akaenda kumfungulia mama yake. Mama yake alimdaka kiunoni, bila kutoa sauti.

Mengi yamesemwa juu ya kisa hiki, nayo si sahihi. Inasemwa kwamba Ruweida alipotewa na sauti. Ruweida anauza mitumba katika soko la Toi, na hakuna anayemshinda kwa kunadi. Inasemwa kwamba kanda ya filamu iliungua yenyewe. Kanda ipo, Geoffrey aliionyesha ukumbini mwa kanisa, na watu walilia palepale alipokuwa amekisia kwamba watalia. Inasemwa kwamba Batul alikifukuza. Batul mwenyewe anasema alikifikisha langoni, basi.

Na inasemwa, tena na watu wanaoishi ploti ile ile, kwamba yule mama Mkamba na bintiye ni mabubu, na kwamba vita vya uchaguzi ndivyo vilivyowafunga ndimi. Hili nalo si kweli. Mchana, katikati ya soko la Kawangware, ambapo kelele ni nyingi na hakuna sauti moja inayoweza kuchaguliwa kati ya nyingine, hao wawili huongea na hata kucheka kama watu wengine. Ni nyumbani tu ndiko wanakoelewana kwa mikono. Si mabubu. Wamekataa kumfundisha anayewasikiliza.