Mpinzani wa Mzee Lugusha

Siku Mzee Lugusha alipofariki, sauti yake ilikuwa sebuleni ikimsimanga Mzee Pazi.

"Leta mkono, Mzaramo! Umekuja kucheza bao, au unasubiri ngoma ilie ndipo uamke?"

Meza-nuru ilikuwa imewaka. Juu ya kioo chake yalichorwa mashimo thelathini na mawili ya mwanga, na ndani yake kete za mwanga zilizolia kama kete za kweli zikigongana. Upande mmoja alikaa Mzee Pazi, mtani wa Lugusha. Upande wa pili hapakuwa na mtu, ila mkono wa nuru wenye kidole cha shahada kilichopinda, ukiokota kete na kuzisambaza. Mwenye kidole hicho alikuwa hospitali, kwenye mashine ya kusafisha damu, kama ilivyokuwa kila Jumanne.

Kalunde, binti wa Mzee Lugusha, aliingia kutoka jikoni akiwa na simu mkononi. Mzee Pazi alimtazama usoni, kisha akaziachia kete alizokuwa ameshika.

"Mbona kimya, Mzaramo?" sauti ikauliza. "Au umekufa?"

Kalunde akapita haraka akaizima meza.

Miaka hiyo karibu kila nyumba ya Morogoro ilikuwa na meza-nuru. Kampuni iliyoitengeneza iliweka ndani yake mpinzani, yaani akili-bandia ya kucheza na mtu asiye na mwenzake. Mpinzani huyo alikuwa na adabu kupita kiasi. Ukimla kete kumi na mbili, anakupongeza. Mzee Lugusha, Mnyamwezi, fundi mstaafu wa magari-waya yanayopanda Uluguru, hakumvumilia. "Bao bila kejeli ni hesabu za darasani," alisema. Akajifunza kuandika faili za nyongeza, na kwa miaka tisa akamjenga mpinzani wake: sauti yake, kidole chake, namna yake ya kuchelewa makusudi ili kumuudhi mtu. Faili hizo zilijifunza kila mchezo uliochezwa.

Baada ya mazishi, Mzee Pazi aliendelea kuja kila siku saa kumi. Kalunde alimfungulia, akamwashia meza, akarudi jikoni asikilize akiwa mbali. Hakukaa akatulia. Akishika ufagio anauacha, akichemsha maji anayasahau.

Siku ya thelathini na tatu tangu mazishi, meza yenyewe ilitoa tangazo. Alhamisi saa sita mchana meza zote zingepokea Toleo la Kumi na Mbili. Nyongeza zote zisizo na kibali cha kampuni zingefutwa. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Kalunde hakulala vizuri tena. Alilipata daftari la baba yake chini ya mito ya kochi. Maandishi yalikuwa makubwa, ya mtu aliyezoea kuandika kwa chaki: *Toleo jipya hufagia kabrasha la mchezo lote, zuri na baya. Nyongeza zako zitoe nje kabla halijafika. Zima antena. Usiiamini meza ikikuambia imehifadhi.*

Jumatano alinakili faili zote kwenye kijiwe cha kumbukumbu, akaacha moja tu, iliyoitwa Ngoma za Mzaramo. Ilikuwa kubwa kuliko zote, naye akaona ni nyimbo, mzaha wa baba yake, zitajaza kijiwe bure. Akaijaribu nakala kwenye meza ndogo ya jirani. Sauti ya baba yake ikatoka safi: "Leta mkono, Mzaramo!" Lakini mkono wa nuru ulicheza kama wa mgeni. Ulitoa kete haraka, ukaacha nyumba, lile shimo kuu, wazi, ukapoteza mchezo bila kununa.

Akaifungua tena nakala, akaifunga, akaifungua. Alhamisi saa nne asubuhi alimpigia simu Mzee Pazi.

"Shikamoo, mzee. Sauti ninayo, lakini yeye simpati."

"Marahaba. Nakuja."

Mzee Pazi alifika akihema, kofia mkononi. Kalunde alimwonyesha orodha ya faili kwenye kioo. Mzee alisoma polepole, kisha akaanza kucheka hadi akashika meza.

"Ninyi Wanyamwezi mmezoea kubeba mizigo ya watu, wenu mnausahau njiani. Hii hapa! Ngoma za Mzaramo. Baba yako aliniambia mwenyewe: mtani, akili yangu yote nimeificha kwenye ngoma zako, maana hakuna mwizi mwenye akili timamu atakayefungua ngoma za Kizaramo."

"Nilidhani ni utani."

"Ni utani. Nani kakuambia utani si kitu cha kweli? Nakili, binti, saa inakwenda."

Kijiwe kilijaa saa sita kasoro dakika saba. Kalunde aligeuza meza, akafungua kifuniko kwa bisibisi ya baba yake, akang'oa antena. Saa sita ilifika. Nje, kutoka nyumba za jirani, ilisikika milio midogo ya meza zikipokea toleo. Ya kwao ilikaa kimya.

"Washa," Mzee Pazi alisema, akikaa.

Mkono wa nuru ukatokea. Kidole kimepinda. Ukafikiri muda mrefu, ukamchelewesha mzee makusudi, kisha ukala kete tisa.

"Ala, kumbe!" ikasema sauti ya Mzee Lugusha. "Mchana kweupe!"

Kalunde akasogea. "Amesema nini, mzee?"

Mzee Pazi aliinamia kioo.

"Baba hajawahi kusema *ala, kumbe*," Kalunde alisema. "Hata mara moja. Hayo ni maneno yako."

"Ni yangu," mzee akakubali. "Siku thelathini na sita nacheza naye. Anasikia, anajifunza. Nimemwambukiza." Akazigusa kete, akaziacha. "Hukuweka nakala siku ile ya kwanza?"

Kalunde alitikisa kichwa. Siku ile aliizima tu meza. Sasa hata faili iliyokuwa kwenye kijiwe ilikuwa na siku hizo zote ndani yake, na hapakuwa na namna ya kuzichambua.

"Unaweza kuifunga," Mzee Pazi alisema. "Isiandikike tena. Ibaki hivi ilivyo. Mimi nitakaa nyumbani, si neno."

Kalunde alisimama, akaenda mpaka mlangoni, akarudi. Alichukua daftari, akafunua ukurasa wa kwanza, ambao alikuwa ameuruka kwa haraka ya kutafuta maelekezo. Akamsomea kwa sauti.

"*Kazi hii nimeianza leo, siku waliyoniambia habari ya figo. Ni ya Pazi, asije akakosa mtu wa kumsimanga.*"

Mzee Pazi alivaa kofia yake, akaivua tena.

"Mbona kimya, Mzaramo?" sauti ikauliza mezani. "Zamu yako."

Antena ya meza iko kwenye droo, pamoja na bisibisi na kijiwe. Faili haijafungwa. Mzee Pazi huja saa kumi, hucheza michezo mitatu, na Kalunde siku hizi hukaa nao. Mwezi huu sauti imesema *ala, kumbe* mara kumi na nne. Mwezi uliopita ilisema mara sita.