Mwajabu Amwogesha Mgeni

Kule Lushoto, milimani, ukungu huamka kabla ya watu. Huko ndiko anakoishi Mwajabu.

Mwajabu yuko darasa la kwanza. Ana sweta la kijani lenye kifungo kimoja. Vifungo vingine vilishakimbia, na hasemi vilikokwenda.

Darasani kwao kuna mchezo mtamu. Kila Alhamisi, Mwalimu Shemweta huandika neno moja la Kiingereza kwenye kadi. Mtoto mmoja huondoka na kadi hiyo hadi nyumbani.

"Neno hili ni mgeni," husema Mwalimu. "Ametoka mbali. Mkaribishe kwenu. Mtafutie ndugu zake wa Kiswahili. Kesho mrudishe, utuambie umewapata akina nani."

Anayewapata ndugu hupigiwa makofi ya kilo. Pa! Pa! Pa! Kilooo!

Mwajabu alisubiri zamu yake. Akasubiri wiki moja. Akasubiri nyingine. Akasubiri mpaka akachoka kuhesabu.

Alhamisi moja, Mwalimu aliinua kadi yenye herufi kubwa za bluu. "Happy!" akasoma.

"Happy!" darasa zima likaitikia.

"Ndugu yake mmoja ni furaha," alisema Mwalimu. "Huyo nawapa bure. Wengine atawatafuta... Mwajabu!"

Moyo wa Mwajabu ukadunda. Du-du-du-du!

Akaiweka kadi ndani ya sweta. Akakifunga kile kifungo kimoja. Njia nzima alimwimbia mgeni wake:

*"Karibu, mgeni, karibu kiti.*
*Kwetu ni kwako, usione haya!"*

Nyumbani, Bibi alikuwa barazani akipukuchua maharage. Pu-pu-pu, yakaanguka kwenye ungo.

"Shikamoo, Bibi. Nimekuja na mgeni."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mgeni?" Bibi akachungulia mlangoni. Akachungulia uani. "Mbona simwoni?"

"Huyu hapa!" Mwajabu akatoa kadi. "Anaitwa Happy. Ndugu yake ni Furaha."

Bibi akacheka mpaka maharage yakamwagika. Akafuta kigoda kwa kanga yake. "Karibu, baba, karibu! Keti. Habari za safari?"

"Bibi, namtafutia ndugu zake wengine."

"Mmoja si huyu hapa? Uso ukimchekea mgeni namna hii, hiyo ndiyo bashasha."

Bashasha! Mwajabu akalishika neno hilo. Akaimba:

*"Karibu, mgeni, karibu kiti.*
*Kwetu ni kwako, usione haya!"*

Jioni, Baba alirudi kutoka kuvuna kabichi shambani. Miguu yake ilikuwa ya baridi kama chuma. Mama akamwekea beseni la maji ya moto.

Baba akatumbukiza miguu. Chubwi! Akafumba macho. "Aaaaah! Hii ndiyo raha."

"Baba! Raha na furaha ni ndugu?"

"Ndugu kabisa," alisema Baba, bila kufumbua macho. "Ila si mapacha. Furaha hurukaruka. Raha hutulia kwenye beseni."

Raha! Mwajabu akamwonyesha mgeni beseni.

Mara, kelele zikatoka kwa jirani. Lililililili!

Mama akakimbia kuchungulia. "Ng'ombe wa Mama Hiza amezaa! Ndama wawili!"

Watu wakapiga vigelegele. Watoto wakapiga masufuria. Kwa! Kwa! Kwa!

"Mama, na hii inaitwaje?"

"Hii?" Mama alikuwa anacheza tayari. "Furaha ya watu wengi, yenye kelele? Hii ni shangwe, mwanangu!"

Shangwe! Sasa ndugu walikuwa wanne. Furaha, Bashasha, Raha na Shangwe. Usiku ule mgeni alilala chini ya mto wa Mwajabu, amefunikwa kitambaa.

Asubuhi, Bibi akauliza kwa utani, "Mgeni wetu ameamkaje?"

"Salama, Bibi. Anarudi shuleni leo."

"Ameoga?"

Mwajabu akaduwaa. Mgeni akija kwao, lazima awekewe maji ya kuoga. Na huyu hakuwekewa maji jana wala leo!

"Mgeni wa watu anaondoka bila kuoga?" alisema Bibi, akielekea jikoni. "Wenyeji gani sisi!"

Alikuwa anatania, jamani. Lakini Mwajabu hakujua.

Akaenda bafuni. Ndoo ya maji ya moto ilikuwa inamsubiri yeye. Mwajabu akasema, "Mgeni kwanza." Akaimba:

*"Karibu, mgeni, karibu maji.*
*Kwetu ni kwako, usione haya!"*

Chubwi! Kadi ikaingia majini. Sugu-sugu-sugu, sabuni kidogo. Sugu-sugu-sugu, mgongoni pia.

Maji yakawa ya bluu.

Mwajabu akaitoa kadi. Ilikuwa nyeupe. Nyeupe pe! Herufi zote zilikuwa zimeondoka.

Ngee! Ngee! Ngee! Kengele ya shule ikalia. Hakukuwa na muda wa kumwambia mtu. Mwajabu akaifuta kadi kwa sweta, akakimbia huku machozi yakimtoka.

Sasa atasimamaje mbele ya watu? Makofi yake ya kilo je?

"Mwajabu, tuletee mgeni," alisema Mwalimu Shemweta.

Mwajabu akasimama mbele. Akainua kadi nyeupe.

"Haina kitu!" akasema mmoja. "Mgeni yuko wapi?" akauliza mwingine.

Mwajabu akaikumbatia kadi. "Nilimwogesha," akasema. "Akaisha."

Darasa zima likaangua kicheko. Kwa-kwa-kwa! Mwalimu akageukia ubao, mabega yakimtikisika. Kisha akageuka tena, akasema taratibu, "Usilie, mwanangu. Aliitwa nani?"

Mwajabu akafikiri. Jina likagoma kuja. Lilikuwa limemtoka kabisa kwa sababu ya woga.

"Nimesahau, Mwalimu. Lakini ndugu zake nawakumbuka wote."

"Basi tuitie ndugu zake."

Mwajabu akafuta machozi. Akaweka kiti katikati, akakifuta kwa sweta. Akatabasamu hadi meno yote yakaonekana, pamoja na pengo. "Huyu ni Bashasha."

Akakaa. Akanyoosha miguu, akafumba macho. "Aaaaah! Huyu ni Raha."

Akaruka juu, akapiga kigelegele. Lililililili! "Na huyu ni Shangwe!"

Darasa zima likapiga vigelegele. Lililililili! Madawati yakapigwa. Kwa! Kwa! Kwa! Hata Mwalimu alipiga kigelegele chake, kirefu kuliko vyote.

"Na Furaha!" Mwajabu alipaza sauti. "Ni ndugu wa Furaha! Mgeni wangu ni... ni... HAPPY!"

"HAPPY!" darasa zima likaitikia.

"Mgeni amerudi!" alisema Mwalimu. "Ndugu zake wamemleta. Maneno yenye undugu kama huu tunayaita visawe. Hata kwenye Kiingereza anao ndugu, mmoja anaitwa Glad. Mpigieni Mwajabu makofi!"

Pa! Pa! Pa! Kilooo!

Kisha Mwalimu akampa Mwajabu kalamu ya wino wa bluu. Mwajabu akaliandika neno mwenyewe kwenye kadi yake, herufi moja moja, ulimi nje.

Usiku, Bibi alimfunika Mwajabu blanketi. "Mgeni alifika salama?"

"Alifika, Bibi. Mwalimu amesema nikae naye siku zote." Akatoa kadi chini ya mto. "Ameniandikia na huku nyuma. Sikiliza, nakusomea."

Akasoma, neno kwa neno: "Mgeni... huyu... ameshaoga."

Bibi akacheka mpaka kitanda kikatikisika. Mwajabu naye akacheka mpaka akachoka, akafumba macho. Miguu yake ilikuwa na joto, na mgeni wake alikuwa shavuni.

"Aaaaah," alisema Mwajabu. "Raha."

Akalala.