Chupa za Kugonga Mlango

Soko la Kejetia, hapa Kumasi, siku ya Ijumaa halina adabu. Ukisimama kufikiri, mtu anakupita na kreti ya nyanya kichwani na tusi mdomoni. Hapo ndipo Oforiwaa, fundi cherehani wa mtaa wa Asafo, alipoweka mkono juu ya kitenge cha mwisho cha buluu na nyeupe, na mkono mwingine mpana, wenye grisi kwenye kucha, ukatua upande wa pili.

"Dada, achia. Nimekiona tangu kule mlangoni."

"Ungekiona ungefika. Na hiyo mikono ya grisi, kitenge cha nini?"

"Cha dada yangu."

"Basi mwambie dada yako aje aking'ang'anie mwenyewe."

Muuzaji aliwachoka, akachukua mkasi akakikata katikati. Nimako, muuza spea wa Suame, mtaa wa magereji, akacheka, akalipia vipande vyote viwili, akaomba namba ya simu. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kola imesimama, na alikuwa na meno mazuri. Kosa la Oforiwaa, kama lipo, ni kupenda meno mazuri.

Mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta. Simu zao nilizisikia nitake nisitake.

"Umekula, malkia?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nasubiri unipikie fufu."

"Utasubiri mpaka uote mvi. Fufu ni kazi ya watu wawili. Njoo ushike mchi, mimi nitageuza donge kinuni."

Akaja kweli, akashika mchi, akatwanga vibaya, ua zima likamcheka. Wakapendana mpaka tukawazoea. Hata kile kipande cha kitenge hakikumfikia dada yake, Konadu. Nimako alimpa Oforiwaa amshonee shati, naye akajishonea gauni kwa kipande chake. Konadu aliliweka hilo moyoni.

Jumamosi moja kondomu ilipasuka. Oforiwaa akamwambia Nimako kwamba kesho atapita duka la dawa. "Fanya unavyoona, mpenzi," akajibu, nusu amelala. Asubuhi, kabla ya kwenda kanisani, Oforiwaa akanunua kidonge cha dharura, akakimeza. Kasha tupu akalisahau kwenye mkoba.

Wiki hiyo Oforiwaa na Konadu walikuwa msibani. Konadu akaomba leso, na kabla hajapewa akaingiza mkono mkobani, akatoka na kasha.

"Wifi, hii nini?"

"Kidonge. Kondomu ilipasuka."

"Yaani umemtoa mtoto wa kaka yangu."

"Nimezuia mimba, Konadu. Sijatoa."

"Kuzuia na kutoa ni pacha. Acha kunifanya mjinga."

Alisema kwa sauti ya kushindana na ngoma, na ngoma zilishindwa. Jioni Nimako akapiga simu.

"Niambie si kweli."

"Nilimeza kidonge cha dharura. Nilikuambia napita duka la dawa."

"Nilidhani kichwa kinakuuma. Hukuniambia unaua."

"Nani nimemuua, Nimako? Kidonge kile kinachelewesha yai lisitoke, mbegu zako zisikute kitu. Ndiyo maana unatakiwa kukiwahi. Kama mimba imeshaingia hakiifanyi kitu, inakaa palepale. Vya kutoa mimba ni vidonge vingine kabisa, vinamezwa na mwenye mimba, vinamshika tumbo na kumtoa damu. Mimi sikuwa na mimba."

"Udaktari umesomea wapi, kwenye cherehani?"

"Na wewe umesomea kwenye grisi?"

"Muuaji." Akakata simu.

Angeishia hapo ningenyamaza. Lakini mwanamume mzima alikwenda kuwamwagia mafundi wa Suame habari za chumbani kwake, na Suame ikiambiwa, Kumasi yote imeambiwa. Wateja wakaanza kupita mlango wa Oforiwaa wakitazama upande wa pili. Mke wa mzee wa kanisa akaja kuchukua kitambaa chake hata hakijakatwa. Nilimsikia binti wa watu analia huku cherehani inazunguka, na nilitamani niende Suame na mchi uleule.

Halafu Nimako, akitaka kuthibitishiwa uovu wa mwenzake, akalibeba lile kasha, alilopelekewa na Konadu, mpaka kwa daktari. Daktari akamweleza yaleyale aliyoelezwa na fundi cherehani. Akapiga simu, sauti imelainika.

"Mpenzi, daktari kanieleza. Hukuua. Nimekukosea."

"Kwa hiyo?"

"Jumamosi wajomba zangu wanakuja kugonga mlango, kukuposa. Na Suame nitawaambia wote kwamba haikuwa ile dawa mbaya."

"Mbaya ni ipi?"

"Ile ya kutoa."

Oforiwaa akasimamisha cherehani. "Njooni Jumamosi," akasema.

Wakaja, na chupa mbili za pombe kali kama desturi inavyotaka, na Konadu amenuna nyuma yao. Nimako alivaa shati la kitenge. Oforiwaa akatoka ndani na gauni la kitenge kilekile, na sisi wanawake wa uani tukatazamana tukidhani mambo yamekwisha. Chupa za kugonga mlango hazifunguliwi mpaka binti aulizwe mara tatu.

"Oforiwaa," akasema mjomba wake Boaten, "hawa wameleta vinywaji. Tuvipokee?"

"Mjomba, nina swali kwanza kwa huyu." Akamgeukia Nimako. "Nilimeza cha kuzuia. Siku moja yaweza kuwa vile vingine, vya kutoa. Nina mimba, naumwa, au wewe umeondoka, au siwezi tu. Nikivimeza nitakuwa nani kwako?"

"Hayo tusiyaseme mbele ya wazee."

"Uliyasema mbele ya Suame nzima."

Mzee Boaten akakohoa. "Mwanangu, mara ya pili. Tuvipokee?"

"Sijajibiwa bado, mjomba."

Nimako akatazama chini. "Utakuwa muuaji," akasema. "Sitakudanganya. Lakini si hukufanya? Ndiyo maana nimekuja."

Kwa hilo nampa haki yake, hakudanganya. Oforiwaa machozi yalimtoka, maana alimpenda, na anampenda mpaka leo naandika haya.

"Mara ya tatu," akasema mzee. "Tuvipokee?"

"Hapana, mjomba. Mimi nilimweleza akaniita muuaji. Daktari akamweleza hayohayo akaleta chupa. Basi akamwoe daktari."

Hakuna aliyecheka. Wajomba wakazishika chupa zao, Konadu akatangulia nje akisonya. Nimako akabaki mlangoni, anashika vifungo vya shati.

"Oforiwaa. Na shati hili nilirudishe?"

"Kaa nalo. Nilikupima wewe, halitamtosha mwingine."

Akashuka ngazi. Fufu la wageni lilikuwa limeshatwangwa, na supu ya mbuzi ilikuwa jikoni, nyingi. Tukaketi kuila sisi wa uani. Oforiwaa alikula akilia, akanipa bakuli nimwongeze supu.