Tezo Safi

Maingi alikuwa amelala kifudifudi ndani ya kibanda cha kuchongea, juu ya mabanzi ya mti, kisogo kimepasuliwa. Jua lilikuwa limeshapanda, na wachinjaji wa Soko la Burma walikuwa wameacha nyama zao kuja kuchungulia.

Inspekta Nyamai hakuhitaji kuuliza marehemu ni nani. Yeye mwenyewe ndiye aliyemtoa rumande jana mchana.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nane, biashara ya pembe za ndovu imepigwa marufuku. Maingi, dereva, alinaswa uwanja wa ndege na kasha la sanamu za mti za vifaru, matumboni mwao vipande vya pembe. Akagoma kumtaja fundi aliyezichonga. Basi Nyamai akamwachilia makusudi, ili afuatwe mpaka kwa mwenzake. Konstebo Wekulo ndiye aliyepewa kazi hiyo.

"Ulimpoteza wapi?"

"Hapo Burma, afande. Niliagiza nyama, kugeuka hivi..."

"Nyama."

"Kidogo tu, afande."

Nyamai alitamani kumzaba kofi. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

Kibanda kilikuwa cha Kitonga, kaka yake marehemu, mchongaji aliyeifanya kazi hiyo miaka thelathini. Alikaa kwenye gogo, macho makavu.

"Pole, Mzee Kitonga. Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Kanisani. Kisha nyumbani."

"Nani amemuua ndugu yako?"

"Wezi. Hapa Shauri Moyo wamejaa tele."

Nyamai alitazama ukuta. Tezo saba za kuchongea zilitundikwa kwa mpangilio, kubwa hadi ndogo. Sita zilikuwa na vumbi la mbao. Ya tatu ilifutwa, ikapakwa mafuta. Nyamai naye alilelewa na baba mchongaji, akajua adabu ya kazi ile.

"Mwizi huitupa silaha mtaroni," alisema taratibu. "Fundi huvumilia vumbi la mbao, lakini hawezi kulaza tezo yenye damu, hata akiwa ameua. Wekulo, iteremshe. Damu imejificha pale chuma kinapoingia kwenye mpini. Maabara wataiona."

Kitonga aliitazama tezo ikiteremshwa.

"Aliniuza," alisema. "Ndugu yangu niliyenyonya naye ziwa moja. Ameshikwa na pembe, mara yuko nje. Nani hutoka hivyo? Nikamuuliza mara tatu: nani aliwaambia polisi? Akaapa hajui. Nikampiga."

"Hakukutaja, mzee. Tulimtesa siku mbili, hakukutaja."

"Basi nani alisema?"

Nyamai alileta sanamu moja kutoka garini, akaiweka mapajani mwa Kitonga. Ilikuwa na ufa toka shingoni hadi mkiani, na weupe wa pembe ulionekana wazi.

"Ilipasuka yenyewe juani, ikingoja ndege. Karani wa forodha hakufanya lolote ila kutazama."

Kitonga alipitisha kidole gumba kwenye ufa, akaunusa. Mti ulikuwa mbichi. Mnunuzi alikuwa na haraka, naye Kitonga akaupaka rangi ya viatu uonekane mpingo mkavu.

Machozi yakamtoka sasa, bila sauti.

"Maingi aliniambia tungoje ukauke," alisema. "Mimi ndiye niliyekataa."