Viganja Darajani

"Buakham, sikia vizuri. Mmoja wao ni muuaji."

Sauti ya Kanali Wirot wa polisi ilikwaruza sikioni mwake, kupitia kidude kisichozidi punje ya mahindi.

"Yupi?"

"Ningemjua, ningekuita wewe?"

Buakham alimeza tusi.

Mbele yake daraja la mianzi lilikatiza mashamba ya mpunga hadi hekaluni. Watawa walikuwa wakirudi kutoka kijijini kupokea sadaka ya asubuhi, peku, safu moja, bakuli zimejaa. Kwenye ngazi za hekalu, ng'ambo, alikaa mkuu wao. Mzee huyo ndiye aliyewaonyesha polisi njia ya magendo ya heroini, na leo alikuwa anakwenda mahakamani kutoa ushahidi. Wenye mzigo walikuwa wameapa kwamba hafiki.

Siku nyingine yoyote mgeni angejulikana mara moja. Leo ilikuwa sikukuu ya kumaliza msimu wa mvua, na watawa watatu wa mahekalu ya mpakani walikuwa wamejiunga mkiani mwa safu. Wote wamenyoa vichwa. Wamenyoa hata nyusi.

"Usimguse yeyote mpaka uwe na uhakika," Kanali alisema. "Mwanamke kumshika mtawa wa kweli, kijiji kitakutafuna. Nami nitasema sikujui."

"Asante kwa moyo huo, Kanali."

Alimsikia akisonya.

Pembeni mwa daraja, Bibi Saengla alikuwa bado amepiga magoti na kikapu chake. Alimpima Buakham kutoka juu hadi chini.

"We binti, suruali imekubana hivyo mbele ya watawa? Mama yako yu hai?"

"Yu hai, Bibi."

"Basi haoni."

Watawa walizidi kwenda. Muda ulikuwa unakatika, na Buakham alikuwa anaona migongo mitatu tu, inayofanana. Aliyefundishwa kuvaa joho amefundishwa pia kutembea, kunyamaza, kuinamisha macho. Huyo hanaswi kwa kutazamwa, mpaka ashtuliwe.

"Bibi, wale wageni wa nyuma umewapa?"

"Nimewapa, tena wali wa kunata wa moto, matonge makubwa. Unanifundisha kazi?"

"Hamna. Nimeona la mwisho lilikuwa dogo. Wasije wakasema bibi wa huku ana choyo."

Bibi Saengla alisimama kama hajawahi kuumwa magoti.

"Choyo? Mimi?" Akatimua mbio, mianzi ikilia chini ya nyayo zake, Buakham hatua mbili nyuma yake. "Baba zangu! Baba zangu wageni, nisubirini!"

Wote watatu waligeuka kwa ghafla. Bibi, mvi tupu, alijitupa magotini na kuinua viganja vilivyoungana hadi kwenye paji la uso.

Wa kwanza alisimama tu.

Wa pili alisimama tu.

Wa tatu, viganja vyake vilipanda vyenyewe, vikaungana mbele ya pua, na kichwa kikainama.

Kawaida ni kama sheria. Katika nchi hii mtoto anafinywa kwa kutomwinulia mzee viganja kabla hata hajajua kusema. Lakini anayevaa joho la mtawa huiacha salamu hiyo mlangoni. Mtawa hamrudishii mtu wa kawaida, hata awe mama yake mzazi.

Yule mtu aliijua dhambi yake papo hapo. Mkono ulizama kwenye bakuli.

Bastola ilitoka imevaa wali. Akamlenga Buakham kifuani, akavuta.

Kach.

Ule wali wa Bibi ulikuwa umeziba mtambo wote.

Buakham hakuhitaji kuitoa Glock yake. Teke lake lilimpata kifundo cha mkono, bastola ikaruka, wote wawili wakavunja ukingo wa mianzi na kutumbukia shambani. Jamaa akamshika nywele, akamzamisha uso kwenye matope. Buakham alimng'ata kidole gumba hadi akaachia. Kiwiko kwenye koo. Pingu, akamfunga kwenye nguzo ya daraja.

Kikapu kikamtua kichwani.

"Umemshika mtawa! Mlaaniwa wewe!"

"Bibi," Buakham alitema tope, "mtawa gani anakurudishia salamu?"

Bibi Saengla alimtazama yule mtu, kisha bastola iliyochomeka katikati ya mpunga.

"Na mimi nikadhani ameniheshimu uzee wangu," alisema polepole. "La kuvunda halina ubani."

Buakham alivuka hadi ngazi za hekalu, peku, akichuruzika tope. Alipiga magoti mbele ya mkuu wa watawa, akainua viganja vichafu hadi kwenye paji la uso.

Viganja vya mzee vilibaki mapajani. Havikutikisika.

"Kanawe," alisema tu. "Gari langu la mahakamani liko wapi?"

"Hilux ile, baba mtawa."

Kidude kikakwaruza. "Buakham! Mzee yuko salama? Huyo mzee uliye naye hapo una uhakika ndiye mwenyewe, si mwingine wa kujifanya?"

Alivitazama vile viganja vilivyotulia.

"Ndiye."

Akakitoa kidude sikioni, akashuka kutafuta maji.