Watu Saba ndani ya Indépendance

Kwetu Uvira mgeni haachwi akae bure. Wakati ugali unasongwa anapewa albamu ya picha, na kila mgeni niliyemwona hufanya jambo lile lile: anajitafuta mwenyewe kwanza. Asipojiona, anapiga miayo. Nyumbani kwa mama mdogo Spès kulikuwa na picha moja ambayo wageni hawakuonyeshwa. Mimi nilionyeshwa, na mpaka leo najuta.

Ilipigwa mwaka wa uhuru, adhuhuri ya jua kali, watu wote wamevaa nguo za sikukuu. Fundi Nzeyimana alikuwa amemaliza mashua yake, na watu walishuka kutoka Kiringye na hata Luvungi kuitazama tu. Pua ya mashua ilipanda juu ikapinda kama shingo ya korongo. Ubavuni ilikuwa ya bluu yenye nyota za manjano, na jina lake Indépendance kwa herufi nyeupe. Wanaume wazima waliipapasa kama ng'ombe wa mahari. Octave, mpiga picha wa pale karibu na soko, akawashusha watu wote ili uzuri wa mashua uonekane. Akapiga mara moja tu.

Picha ilipotoka, ndani ya mashua walikuwa wamekaa watu saba. Wote wamempa Octave kisogo.

"Nakuapia, Spès," Octave alinong'ona. "Mu ile bwato hakukuwaka muntu."

Watu walicheka. Walisema amekunywa pombe ya kasiksi kabla ya kazi, wakaisifu pua ya mashua, wakamrudishia picha yake. Mama mdogo hakucheka. Mtu wa tatu kutoka mbele alikuwa na bega la kushoto lililoshuka, na bega lile alilala kando yake kila siku. Lilikuwa la Gaspard, mumewe, karani wa ofisi. Na mashua ilipopigwa picha, Gaspard alikuwa amesimama nchi kavu, amemshika mkono.

Aliichukua ile picha akaificha sandukuni mwake. Kuichoma hakuthubutu, maana picha ya mtu aliye hai haichomwi.

"Usipande ile bwato," alimwambia mumewe. "Hata kifo iko nyuma yako, usipande."

"Weye unaogopa karatasi?" Gaspard alimtania. Lakini alimpenda, akaapa. Hatapanda Indépendance maisha yake yote.

Laiti mama mdogo angeishia hapo! Hofu haina adabu, ikimpata mtu inamfungua mdomo. Akawaonya jirani, jirani wakawaonya jirani zao. Mwisho hakuna abiria aliyekubali kuweka mguu katika mashua ya Nzeyimana. Ikakaa bure, na mwaka wa nne Nzeyimana akafanya kile watu wa ufukwe ule hufanya mashua inapopata mkosi. Aliipandisha matetini, akaipaka rangi nyingine, akaipa jina jingine. Na likishaandikwa jina jipya, ni mwiko kulitaja la zamani, ziwa lisije likakumbuka. Wavuvi wote walijua, na wote walinyamaza. Mama mdogo na Gaspard walikuwa watu wa mashamba, wa Mutarule. Nani angewaambia?

Mwaka 1964 waasi walifika. Makarani walitafutwa nyumba kwa nyumba. Wake walikubaliana wanaume watangulie kwenda ng'ambo, Burundi, wao wafuate safari ya pili. Mama mdogo asingeweza kukimbia hata hivyo, maana mguu wake wa kushoto aliuburuta tangu utotoni.

Ilikuwa asubuhi kweupe. Mashua ilikuwa imefichwa ndani ya matete, ubavu tu unaonekana. Ubavu wa kijani. Mama mdogo aliinama akasoma jina herufi kwa herufi, kidole juu ya rangi: MUNGU IKO.

"Ni hii," alisema. "Panda."

Yeye mwenyewe alisema vile. Gaspard akambusu kwenye paji la uso, akapanda. Mama mdogo akaona kidole chake kimeshika rangi. Ilikuwa bado mbichi.

Mashua ikatoka matetini. Kwanza ubavu. Halafu pua. Ile pua, imepanda juu, imepinda.

Akahesabu. Watu saba. Wa tatu kutoka mbele, bega limeshuka. Wote kisogo.

"Gaspard!"

Katika picha hakuna aliyegeuka. Akafikiri, akigeuka mmoja tu, picha itakuwa ya uongo. Ageuke tu.

"Gaspard! Angalia huku! Gaspard!"

Upepo ulitoka ziwani, ukamrudishia sauti yake. Aliingia majini mpaka kifuani, na mguu ukakataa. Wanawake waliokuwa ufukweni walidhani analia kwaheri. Wakaipungia mashua mkono. Gaspard hakugeuka.

Mashua haikufika Burundi. Hakuna ubao, hakuna kofia, hakuna maiti iliyoonekana.

Siku ya arobaini alifungua sanduku. Katika picha, Indépendance ilikuwa tupu, kama Octave alivyoapa. Ila mchangani palikuwa na nyayo za mtu mmoja, bila viatu, zikianzia kwenye mashua. Zilikuwa tatu.

Mimi nilionyeshwa miaka mingi baadaye. Nilihesabu kumi na tisa.

"Iko anakuya," mama mdogo alininong'oneza. "Ni mbali tu."

Kila Pasaka aliitoa picha akapima kwa ukucha nafasi iliyobaki mpaka ukingo mweupe, akairudisha. Alizeeka hivyo, anapima. Hakuolewa tena, hakuhama nyumba, na mlango hakuufunga kwa komeo hata siku moja.

Alikufa msimu wa mvua uliopita. Tuliporudi kutoka makaburini niliona kizingiti kimelowa, na mvua siku ile haikunyesha. Nikaenda moja kwa moja kwenye sanduku.

Nyayo zilikuwa zimefika ukingoni. Kutoka pale zilirudi kwenye mashua, na hazikuwa za mtu mmoja. Kando ya zile kubwa kulikuwa na ndogo, na kila hatua ya kushoto ilikuwa imeacha mchirizi mrefu mchangani.