Viza ya Kuingia Mara Mbili

Asubuhi ile Chelangat alichuma chai kama mtu aliyeibiwa akili. Alipotazama kikapuni aliona majani makubwa, magumu, ya kulisha mbuzi. Karani wa kituo cha kununulia majani angeyamwaga chini mbele ya watu. Akaketi kando ya mistari ya chai, akaanza kuchagua upya: majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi.

Mwili wake ulikuwa Sotik, lakini mawazo yake yalikuwa Andora.

Andora ni nchi ndogo sana huko Ulaya. Imebanwa milimani kati ya Uhispania na Ufaransa. Kiptum, mwana wa Chelangat, alikuwa mpishi wa hoteli huko. Mkewe, Caren, alikuwa na mimba ya miezi saba. Huo ulikuwa mwaka wa 1998. Kiptum alikuwa ametuma barua ya mwaliko na nakala ya kibali chake cha kazi. Alikuwa pia amemshikia mama yake nafasi ya ndege, kwenda na kurudi. "Mama, njoo," aliandika. "Mtoto akizaliwa, nani atamwita jina?"

Swali hilo lilimkaa Chelangat moyoni. Kwa Wakipsigis, mtoto akizaliwa, kina mama wazee wa ukoo humtajia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine. Mtoto akipiga chafya jina fulani linapotajwa, basi huyo ndiye aliyerudi. Pasta atambatiza baadaye kwa jina lingine, na hakuna ugomvi. Lakini huko Andora hakukuwa na mama mzee wa ukoo wao hata mmoja.

"Si utaje majina kwa simu, pale posta?" alikuwa amesema Kipruto, shemeji yake, ndugu wa mumewe. Kipruto alikuwa mwalimu mstaafu, na hakuna jambo ambalo hakulijua.

"Na laini ikikatika kabla nifike kwa jina la mama yako?" Chelangat alimuuliza.

Kipruto aliona ni heri safari. Akamjazia shemeji yake fomu ya kuomba viza, kwa kalamu yake nzuri ya wino. Siku ya kwenda ubalozini Nairobi ilikuwa Ijumaa.

Jumanne wakaenda Sotik mjini kutoa nakala za karatasi zote. Duka la kupiga chapa lilikuwa la Nyanchoka, mama wa Kikisii. Nyanchoka alikuwa amefanya kazi miaka kumi na miwili katika ofisi ya kuuza tiketi za ndege Nairobi, kabla ya kurudi nyumbani na mashine yake ya taipu. Alikuwa na tabia moja: hakutoa nakala ya karatasi bila kuisoma.

"Mama Kiptum," aliuliza, "nani alikujazia hii fomu?"

"Ni shemeji yangu, Mwalimu."

"Mwandiko ni mzuri kabisa. Lakini hapa wanauliza utaingia mara ngapi. Ameweka alama kwa mara moja."

Kipruto akaweka gazeti chini. "Ndiyo. Kwani anaenda mara ngapi? Kuomba nyingi ni tamaa. Hao watu watafikiri anataka kuhamia kwao."

"Hata mimi niliona hivyo," akasema Chelangat. "Mtu akikukaribisha chai, huwezi kumwambia akuwekee vikombe viwili."

Nyanchoka hakucheka. Alivuta kiti karibu.

"Ndege itashuka wapi, mama?"

"Barcelona, kule Spain. Andora haina uwanja wa ndege. Kiptum atanichukua na gari."

"Na hii viza unaomba ni ya nani?"

"Ni ya Spain. Andora yenyewe haitaki viza kwa mgeni wa kutembea tu. Inataka pasipoti."

"Hapo uko sawa. Sasa niambie kitu kingine. Dada yako Chepkorir si anakaa ng'ambo ya shamba la kampuni?"

Chelangat alishangaa. Dada yake na viza wapi na wapi? "Ndiyo. Naingia geti la chini, nakatiza shamba lote la chai, natokea geti la juu."

"Askari wa geti la chini anakupa nini?"

"Karatasi ya kupita."

"Na yule wa juu?"

"Anaichukua, mimi naenda kwa Chepkorir, tunakunywa..." Alikumbuka siku moja ya mvua. Alikuwa anatoka kwa dada yake na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kuganda, begani. Geti la juu alikuta askari mgeni. Karatasi? Hakuwa nayo. Alimweleza kwamba asubuhi alipita hapo hapo. Askari akamwambia asubuhi ilikuwa asubuhi. Chelangat alizunguka kwa mtoni, akafika kwake amelowa mpaka kwenye mifupa.

"Uui!" akasema. "Spain ni shamba la kampuni. Andora ni kwa Chepkorir."

"Hapo sasa! Spain na Ufaransa wameungana na nchi zingine, wanatumia viza ya aina moja. Lakini Andora haiko kwa huo muungano. Ukivuka mpaka kuingia Andora, umetoka nje ya geti. Viza ya mara moja imekwisha kazi. Na ndege ya kukurudisha nyumbani iko wapi?"

"Iko ndani ya kampuni," Chelangat akajibu polepole.

"Si apitie Ufaransa?" akauliza Kipruto.

"Mwalimu, hiyo ni geti lingine la kampuni ile ile."

Chelangat aliingiwa na hofu. Alijiona amekwama juu ya milima ya watu, mjukuu mkononi, hana njia ya kushuka. Nyumbani ng'ombe wanalia na chai inazeeka mitini. Na wakimnyima viza kabisa? Mtoto angezaliwa, na asingekuwepo wa kumwita.

Kipruto alikuwa ametoa kalamu. "Nipe, nirekebishe."

"Usifute, Mwalimu," Nyanchoka akamkataza. "Fomu ya kufutwafutwa inaleta maswali. Aombe ingine pale dirishani ubalozini, wanatoa."

"Na nani atanijazia huko Nairobi?" Chelangat akauliza.

"Wewe mwenyewe. Si ulisoma ngumbaru?"

Ni kweli, Chelangat alikuwa amesoma masomo ya watu wazima miaka miwili, pale kanisani. Alijua kuandika jina lake, barua na nyimbo. Lakini fomu ya serikali ya watu hakuwahi kuigusa. Nyanchoka akampigia chapa mfano, kila swali na jibu lake. Penye swali la kuingia akapiga mstari mwekundu chini ya neno "mbili". Akamwambia mengine pia. Pasipoti isiwe inakaribia kuisha. Tarehe za viza zifike mpaka siku ya kurudi. Na abebe kitu cha kuonyesha kwamba ana sababu ya kurudi nyumbani.

"Kitabu changu cha chai kiko, kila kilo niliyouza imeandikwa. Nibebe na kadi ya chanjo ya ng'ombe?"

"Chai itatosha, mama."

"Kuuliza si ujinga," akasema Chelangat. Kipruto alijifanya anasoma gazeti.

Ijumaa, Chelangat alikaa kwenye benchi ubalozini akaandika kwa nusu saa nzima. Watu watatu walimpita kwenye foleni, naye hakujali. Dirishani alikuwa msichana Mkenya mwenye miwani.

"Mama, kwa nini unaomba kuingia mara mbili? Mwaliko ni wa safari moja."

"Safari ni moja, binti yangu. Lakini naingia Spain nikienda Andora, hiyo ni moja. Naingia tena Spain nikitoka Andora, nipande ndege nirudi kwangu, hiyo ni ya pili. Chai yangu haiwezi kukaa bila mimi zaidi ya wiki nne." Akateremsha kitabu cha chai mezani.

Msichana alifungua kitabu, akatabasamu, akagonga muhuri kwenye risiti. Siku kumi baadaye pasipoti ilirudi. Chelangat aliisoma viza mwenyewe, kwa kidole. Penye idadi ya kuingia palikuwa na namba 2.

Mtoto alizaliwa Andora siku ya Jumapili. Alikuwa mvulana. Chelangat alimshika akaanza kutaja. Alimtaja baba mkwe wake, mtoto akalala tu. Akataja ndugu za baba mkwe, wote wanne. Kimya. Lilikuwa limebaki jina moja, na mwenye nalo alikuwa amelala kaburini miaka minne tu.

"Kipkemboi," akaliita jina la mumewe.

Mtoto akapiga chafya. Caren alicheka kwa sauti. Kiptum aligeukia dirisha akafuta macho, na Chelangat alilia bila kujificha.

Wiki tatu baadaye, mpakani, askari wa Uhispania alifungua pasipoti yake. Akatazama muhuri wa kwanza. Akamtazama mama. Chelangat hakujua lugha yake, kwa hiyo aliinua vidole viwili. Askari akasoma viza tena, akaitikia kwa kichwa, akampisha. Chelangat alimfikiria yule askari wa geti la juu, akajichekea ndani ya gari.

Alipofika nyumbani, Kipruto alikuja kabla chai haijachemka.

"Ni nani aliyerudi?" aliuliza.

"Ni ndugu yako."

Kipruto alipoinuka, hakuwa amegusa kikombe.

Siku ya pili yake, Nyanchoka alipofungua duka, alimkuta Kipruto amekaa mlangoni. Kalamu ilikuwa mfukoni, na hakuitoa.

"Nataka kuenda kusalimia ndugu yangu huko Andora," alisema. "Nisaidie na fomu. Na pale wanauliza mara ngapi, andika mbili."